Sheria ya Ajira kwa Waajiri: Mabadiliko ya Karibuni na Mfano wa Kikuyu, Dodoma

Sheria ya ajira ya Tanzania Bara inamhesabu kuwa mwajiri mtu yeyote anayemlipa mwenzake ujira kwa kazi anayomfanyia chini ya usimamizi wake, awe na watu elfu moja au mmoja tu. Makala hii inaeleza mabadiliko yaliyofanyika katika sheria hiyo, hasa kati ya 2021 na mwanzo wa 2026, kwa jicho la mwajiri, na inachukua mifano yake Kikuyu, jijini Dodoma, na katika uwanda wa kati unaoizunguka.

Kikuyu ina kata mbili, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini. Mwajiri anayefahamika zaidi huko ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Chuo kina ofisi ya utumishi na wanasheria wa kuwauliza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye nyumba ya wageni, mama wa mgahawa mwenye wasichana wawili wa kuhudumia, na mtumishi wa wizara aliyemleta dada wa kazi kutoka kijijini hawana ofisi hiyo, lakini wanabanwa na sheria ileile. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, waajiri wa namna hii wameongezeka sana, na wengi wao hawajioni kuwa waajiri hata kidogo. Hao ndio mabadiliko ya karibuni yanawagusa kwa uzito kuliko wengine wote.

Misingi

Sheria mama ni mbili, zote za 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7. Ya kwanza inaweka haki na wajibu. Ya pili imeunda vyombo vya kuzisimamia, kikiwemo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi huiita CMA. Mwaka 2007 zilifuatwa na Kanuni za Utendaji Bora, na mwaka 2017 zikaja Kanuni za Jumla. Watumishi wa umma, ambao ni wengi Dodoma, wana Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, na tangu marekebisho ya 2016 wanatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za sheria hiyo kabla ya kwenda kwingine. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano.

Viwango vya msingi havijabadilika kwa miaka mingi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, ndani ya siku zisizozidi 6. Muda wa ziada hauzidi saa 50 katika wiki nne, na saa hizo hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili, na ya usiku huongezewa asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua pacha au zaidi. Mlinzi anayelinda ghala usiku saa kumi na mbili, siku saba kwa wiki, bila nyongeza yoyote, anafanyishwa kazi nje ya sheria, hata kama mwenyewe alikubali.

Maandishi ni jambo ambalo mwajiri mdogo hulidharau, na ndilo linalomgharimu zaidi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja kazi, mahali, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba, saa za kazi na ujira, na kuyatunza kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Asipokuwa nayo siku ya shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kile kinachodaiwa kukubaliwa unamwangukia yeye. Mfanyakazi akisema walikubaliana shilingi 200,000, mwajiri ndiye wa kuonyesha kwamba zilikuwa 150,000. Daftari la kurasa mia moja lenye sahihi za kila mwezi lingemwokoa.

Marekebisho ya 2025

Bunge lilipitisha jijini Dodoma, mwanzoni mwa 2025, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kazi Na. 1 ya mwaka huo. Ndiyo hatua kubwa zaidi katika eneo hili tangu 2004.

Badiliko linalozungumzwa zaidi na waajiri ni la mikataba ya muda maalumu. Awali sheria iliruhusu mikataba ya namna tatu tu: wa muda usiotajwa, wa kazi mahsusi, na wa muda maalumu kwa wataalamu na mameneja peke yao. Kanuni za 2017 zikaongeza kwamba huo wa wataalamu usipungue miezi 12. Kwa hiyo ule mtindo wa kumpa mlinzi, mhudumu au muuza duka mkataba wa miezi mitatu mitatu, mwaka baada ya mwaka, haukuwa na miguu ya kusimamia kisheria, ingawa ulienea kila mahali. Marekebisho ya 2025 yamepanua mlango. Sasa muda maalumu unaruhusiwa pia kwa hali kama ongezeko la muda la kazi lisilotarajiwa kupita miezi 12, mradi wenye kikomo, wahitimu wanaotafuta uzoefu, na kazi za msimu.

Kwa Dodoma, hilo la msimu lina maana kubwa. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mashamba ya Hombolo na Mpunguzi pamoja na viwanda vya mvinyo huhitaji mikono mingi kwa wiki chache, kisha haja inakwisha. Mwenye shamba aliyekuwa akiwachukua vibarua kwa maneno ya mdomo sasa ana mkataba wa kisheria unaolingana na kazi yake halisi: uandikwe, utaje mwanzo na mwisho wa mavuno, na ujira kwa siku au kwa kreti. Hili ni jambo jema kwa pande zote mbili, kwani kibarua asiye na karatasi ndiye aliyekuwa akidhulumiwa kwanza.

Mlango huo hata hivyo haukufunguliwa kwa kila mtu. Duka linalofungua mwaka mzima halina msimu, na mlinzi wake hafanyi kazi ya mradi. Mwajiri anayemwandikia mfanyakazi wa kudumu mikataba mifupi mfululizo bado yuko hatarini, kwa sababu Kanuni za Utendaji Bora zinamlinda mfanyakazi aliyekuwa na matarajio ya haki kwamba mkataba utaongezwa. Mkataba uliorudiwa mara nne bila neno humpa matarajio hayo.

Marekebisho hayo pia yamegusa uzazi. Sherehe za Mei Mosi za 2024 zilifanyika Arusha, na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alitangaza nafuu kwa wazazi wa watoto njiti, na mwaka uliofuata sheria ikaipa nafuu hiyo nguvu. Mama aliyejifungua kabla ya wakati huongezewa muda unaobaki hadi kufikia wiki 40 za ujauzito, na baba wa mtoto huyo hupata siku 7 badala ya 3 za kawaida. Mwenye biashara ndogo anaweza kuuona huu ni mzigo. Lakini mtoto wa kilo moja na nusu hawezi kungoja, na mama anayelala wodini akimbeba kifuani hawezi kuwa kwenye kaunta. Sheria imefanya haki hapa.

Mengine ni likizo bila malipo isiyozidi siku 30 kwa makubaliano ya pande mbili, ambayo awali haikuwa na kifungu, na masharti kuhusu ajira wakati wa dharura, jambo ambalo janga la UVIKO-19 lilionyesha kuwa sheria ilikuwa kimya. Fidia ya kuachishwa isivyo halali nayo sasa inatofautishwa kulingana na kosa. Zamani kima cha chini kilikuwa mshahara wa miezi 12, mwajiri awe amefukuza bila sababu au amekosea utaratibu tu. Sasa kasoro ya utaratibu pekee ina uzito mdogo zaidi, na ubaguzi au unyanyasaji wa kingono una uzito mkubwa zaidi.

Kuachisha kazi

Sababu halali peke yake haitoshi. Mfanyakazi aliyemaliza miezi sita ana haki ya kuelezwa kosa lake kwa maandishi, kupewa muda wa kujiandaa, kusikilizwa akiwa na mwenzake wa kumsaidia, na kupewa uamuzi wenye sababu. Aliye katika majaribio ana ulinzi mwembamba zaidi, ila Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba muda wa majaribio kumalizika hakumaanishi kuthibitishwa kazini. Mwajiri mwangalifu humwandikia mtu barua kabla muda huo haujapita, ya kumthibitisha au ya kumwongezea muda.

Tuchukue muuza duka wa Kikuyu aliyelipwa shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa siku sita za wiki, aliyeachishwa mwishoni mwa 2025 baada ya miaka mitatu kamili kwa sababu duka linapunguza watu. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, yaani karibu 34,618. Huo hugawanywa kwa 6 kupata wa siku, karibu 5,770. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi, kwa hiyo siku 21, ambazo ni karibu shilingi 121,000. Juu yake kuna notisi ya siku 28 au malipo badala yake, likizo ambayo hakuichukua, mshahara wa siku alizofanya kazi, na cheti cha utumishi. Angefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kiinua mgongo kingepotea, lakini likizo aliyoichuma na cheti vingebaki. Fedha hizi si nyingi. Kinachoumiza ni tuzo ya fidia, ambayo huja pale mwajiri aliposema "kesho usije" akadhani yamekwisha.

Mlalamikaji hujaza fomu namba moja ya CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Kwanza hukaa na msuluhishi, na mashauri mengi huweza kumalizikia hapo ikiwa mwajiri ataitika wito na kuja na karatasi zake. Yakishindikana, mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Asiyeridhika huomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Mwajiri asiyeitika wito huamuliwa akiwa hayupo, na hilo ndilo kosa la gharama kubwa kupita yote.

Mishahara na makato

Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa biashara, 140,000 kwa kilimo na 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Oktoba 2025, Ridhiwani Kikwete, aliyekuwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, alitangaza amri mpya ya sekta binafsi: wastani umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kwa watumishi wa umma, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ametangaza Mei Mosi ya 2025 mjini Singida kwamba kima cha chini kinatoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Nyongeza ya umma hailazimishi sekta binafsi, na wastani si kima cha kila sekta. Mwajiri asome jedwali la sekta yake.

Kupanda kwa mshahara huvuta mengine. Anayepata zaidi ya 270,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya mapato, ikianzia asilimia 8. Michango ya NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mahali pengine mzigo umepungua. Mchango wa mwajiri binafsi kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulishuka kutoka asilimia 1 hadi 0.6 mwaka 2021, na 0.5 mwaka 2022. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi tangu 2021 inawahusu wenye wafanyakazi 10 na zaidi, badala ya 4, na kiwango chake kilishuka hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa, kwa sheria ya 2010, kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu.

Kumbukumbu za wafanyakazi nazo zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha daktari na namba ya benki havipaswi kuzagaa droo ya kaunta wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Wafanyakazi wa nyumbani

Hakuna eneo ambalo sheria na maisha vimeachana kama hapa. Dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho ana haki ya saa 45, siku ya mapumziko, siku 28 za likizo, mchango wa hifadhi ya jamii na maelezo ya maandishi, sawasawa na karani. Mwajiri anayempa malazi na chakula anaruhusiwa kuvizingatia katika kiwango kilichowekwa na amri ya mshahara, lakini haruhusiwi kuvitumia kufuta mshahara. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, kwa kazi nyepesi isiyomzuia mtoto kwenda shule. Mtoto aliyetolewa darasani Mvumi au Kongwa akaletwa mjini kulea mtoto mwingine haajiriki kihalali kwa mshahara wowote.

Mshahara unaotumwa moja kwa moja kwa shangazi au baba kijijini nao ni tatizo, kwani ujira ni mali ya aliyefanya kazi na hulipwa kwake, isipokuwa pale yeye mwenyewe alipoelekeza vingine. Akitaka sehemu iende nyumbani, mwajiri aiandike, asome naye, na amwachie sahihi na nakala yake.