Kuku Aliyekatiza Pembeni

Kuna kisa cha kuku ambacho kila anayesoma historia ya sinema barani Afrika hukutana nacho mapema. Mimi nilikutana nacho wiki ya tatu ya shahada ya uzamili. Msomi wa Chuo Kikuu cha London, John Wilson, alisimulia habari ya filamu ya afya iliyoonyeshwa kijijini. Ndani yake bwana afya anafundisha, polepole sana, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama ili mbu wasizaliane. Filamu ilipokwisha, watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku.

Waliotengeneza filamu hawakujua kama kuna kuku. Walilazimika kuipitia picha moja baada ya nyingine, na kweli wakamkuta: anakatiza pembeni, chini kabisa, kwa muda wa sekunde moja hivi. Marshall McLuhan alikichukua kisa hicho akakitia katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962, kikazunguka dunia kama ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kuiona picha nzima.

Darasani watu walicheka. Mimi nilicheka nusu, maana nimekulia kwenye kibanda umiza.

Kilikuwa cha mjomba wangu, Morogoro. Mabenchi sita, magunia madirishani, televisheni moja na deki iliyopigwa kofi kila ilipogoma. Mjomba hakujua Kichina wala Kihindi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Lakini filamu ikianza alipunguza sauti, akashika maiki, akatafsiri. Naandika “akatafsiri” kwa sababu ndilo neno tulilotumia, ingawa alichofanya kilikuwa kikubwa zaidi ya hapo. Adui wa filamu ya Hong Kong alipewa jina la mkopeshaji fulani wa mtaani. Mama anayelia katika filamu ya Kihindi alilia kwa sababu mwanawe kafeli darasa la saba. Mtu akianza kusinzia benchi la nyuma, mhusika wa kwenye filamu aligeuka ghafla na kumwuliza yule mwenye kofia nyekundu kama amelipa kiingilio.

Hakuwa peke yake, wala hakuwa wa kwanza. Wengi wenu mnaikumbuka sauti ya Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye kanda zake zilisambaa nchi nzima kiasi kwamba watu walikodi filamu kwa sababu ya msimulizi, si ya nyota aliyechorwa kwenye kasha. Uganda wanao ma-VJ wao, na majina yao huandikwa kwa herufi kubwa. Na Wajapani walikuwa na benshi, wasimulizi wa filamu zisizo na sauti, waliokaa kando ya pazia na kuwasemea wahusika wote. Filamu zenye sauti zilipokuja, kazi yao ikafa. Kaka yake Akira Kurosawa, aliyeitwa Heigo, alikuwa benshi. Alijiua mwaka 1933. Huwa napita haraka kwenye sentensi hiyo ninapoifikia katika maelezo yangu.

Sasa turudi kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, makao yake Vugiri, juu ya Korogwe. Uliongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Walitengeneza filamu 35 hivi: minyoo, chai, akiba ya posta. Sauti haikuwa ndani ya filamu, ilikuwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, na sahani zilitengenezwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Kati ya filamu zote hizo zimesalia tatu tu, nazo ziko Uingereza.

Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni, kikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nijeria. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji filamu ya namna yake: iende taratibu, kamera isirukeruke, mtu asitoke nyumbani na kuonekana mara moja sokoni bila kuonyeshwa njiani. Na kitu kidogo kisikuzwe, kwani inasemekana watu walioonyeshwa mbu aliyejaa pazia zima walifurahi wakasema afadhali, kwao mbu ni wadogo.

Nimeisoma hadithi hiyo ya mbu mara nyingi, na kila mara najiuliza kwa nini hakuna aliyefikiri kwamba watu wale walikuwa wanatania. Kibandani kwa mjomba, mbu mkubwa kiasi hicho angepigiwa kelele hadi jirani.

Lakini linalonisumbua zaidi ni jambo jingine. Filamu nyingi za kitengo kile hazikuwa na maneno ndani yake. Maelezo yaliandikwa pembeni, na gari la sinema lilipofika kijijini na jenereta na vipaza sauti, alishuka pia mkalimani. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu usiku ule. Yeye ndiye aliyejua kama wamechoka, kama wanamdharau bwana afya, kama kuna msiba kijijini na leo si siku ya kuzungumzia mbu. Katika kisa cha kuku, yuko wapi? Ametoweka. Wamebaki filamu na watazamaji, kana kwamba hapakuwa na mtu katikati.

Hilo ndilo nililolipeleka kwenye semina: kwamba Sellers alihangaika na mwendo wa kamera wakati kazi ya kuwashika watu ilifanywa na mtu mwenye maiki. Mwalimu mmoja akanisikiliza vizuri, kisha akauliza swali moja. Ushahidi uko wapi? Maelezo yaliyoandikwa yapo, ripoti za maofisa zipo, lakini maneno yaliyosemwa uwanjani yaliandikwa na nani? Sikuwa na jibu. Alinishauri, kwa upole, nitafute mada nyingine kabla ya mwisho wa muhula.

Nikapanda basi kwenda Morogoro. Kibanda kilishafungwa siku nyingi, sasa ni duka la vifaa vya simu. Nilibeba kompyuta yenye moja ya zile filamu tatu, ile inayohusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira.

“Kingolwira hii ya gerezani?” mjomba akauliza.

“Hii hii, mjomba. Ya miaka ya thelathini.”

Nikazima sauti, nikamwomba atafsiri. Akatazama dakika mbili tatu, akanirudishia.

“Nimtafsirie nani?”

“Mimi.”

“Wewe msomi! Wewe si unajua Kiingereza? Siwezi kumsimulia mtu anayejua.”

Nilimbembeleza, akakataa. Nikadhani safari imekwenda bure. Jioni watoto wa wapangaji wakavutwa na mwanga wa kompyuta, wakajazana mkekani, na mkubwa wao akauliza hawa watu wanafanya nini. Mjomba akasogeza kiti. Hakuwa na maiki, akashika rimoti.

“Huyu wa shambani anaitwa nani?” akaniuliza.

“Sijui.”

“Basi tumpe jina.” Akampa jina la babu wa yule mtoto mkubwa, akampa na deni la mbegu, na mke asiyetaka kuhamia huku, na mzungu anayekuja kila asubuhi kupima kina cha jembe lake. Mtoto akasimama akipiga kelele kwamba huyo kweli ni babu yake, hata anavyosimama. Wenzake wakabisha. Mama yao akatoka jikoni na mwiko mkononi, akabaki amesimama mlangoni.

Nilicheka mpaka machozi. Filamu ilipokwisha ndipo nikakumbuka simu yangu ya kurekodia, iliyokuwa bado mfukoni.