Setilaiti Juu ya Vilima vya Rwanda

Kabla mkongo wa SEACOM haujafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, sisi wa nchi za bara tulitegemea setilaiti. Zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na jibu lilichukua takribani nusu sekunde kurudi. Kwa barua pepe si kitu. Kwa somo la matamshi, mwalimu na mwanafunzi walibaki kukatizana maneno.

Mkongo ulisaidia zaidi mijini. Mawimbi ya minara hupenda njia iliyonyooka. Kilima kikisimama katikati, bonde zima hukosa mtandao. Na Rwanda, kama tujuavyo, ni vilima juu ya vilima.

Tarehe 27 Februari 2019 setilaiti sita za kwanza za OneWeb zilirushwa kutoka Kourou. Moja iliitwa Icyerekezo (Mswahili atasikia humo "elekeza"), nayo ilikusudiwa kuiunganisha shule ya kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu. Njia yao ilikuwa kilomita 1,200 tu kutoka ardhini, hivyo kuchelewa kule kungepungua sana. Lakini Machi 2020 kampuni iliishiwa fedha, ikaomba hifadhi ya mahakama ya Marekani, hadi ikanunuliwa na serikali ya Uingereza pamoja na Bharti ya India. Starlink nayo iliingia Rwanda Februari 2023.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini humo mwaka 2017. Sisi tunaokifundisha tunauliza kwanza bei ya dishi, ada ya kila mwezi, na kama shule ina umeme wa kuliwasha.