Comic Sans hadi Remba

Najua mtanicheka. Mtu amekaa chuo miaka minne akisomea sayansi ya kompyuta, halafu leo anaitetea Comic Sans! Ngojeni kwanza.

Mwaka 1994 Vincent Connare, mchoraji wa herufi pale Microsoft, alionyeshwa programu iliyokuwa bado jikoni, Microsoft Bob. Ilikusudiwa watu wanaoogopa kompyuta, na ndani yake kulikuwa na mbwa wa katuni aliyewaelekeza. Maneno ya mbwa yaliandikwa kwa Times New Roman. Mbwa anaongea kama gazeti! Connare akafungua vitabu vya vibonzo alivyokuwa navyo ofisini, Watchmen na The Dark Knight Returns, akaanza kuchora. Herufi zake hazikuwahi kuingia kwenye Bob, ambayo ilitoka 1995 na kufa mapema. Ziliingia 3D Movie Maker, kisha zikasambaa na Windows. Kuanzia hapo ni matangazo ya harambee, kadi za harusi, hata ratiba za mazishi. Mwaka 1999 Dave na Holly Combs wa Marekani wakaanzisha kampeni ya kutaka zipigwe marufuku. Nami nilikuwa upande wao kabisa.

Mpaka Remba. Kwa asiyekijua, ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay, mabati yamebanana hadi majini. Niliwaandikia wavuvi wa hapo programu ya kurekodi kilo za samaki kwa kila mashua. Risiti zilitoka kwa Arial, maana mimi ni mtu makini, sivyo?

Wiki ya pili mzee mmoja akaniita kando. "Kijana, mbuta wangu wamelipwa mtu mwingine." Tukatazama. Nilikuwa nimezipa mashua namba zenye herufi kubwa na ndogo (ujinga wangu huo, msiutafutie mwenyewe), na kwenye Arial I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile. Karani alisoma sawasawa alichokiona. Mzee alikuwa na deni la petroli na watoto shuleni, na pesa yake ilikuwa imeshaliwa.

Usiku huo nilijaribu fonti zote nilizokuwa nazo. Comic Sans inaipa I kubwa vijiti viwili, juu na chini, na l inaiacha wima tupu. Hata a yake ni ile ya mviringo tuliyofundishwa kuandika darasa la kwanza. Asubuhi nikampa mzee risiti mpya. Akaigeuza, akaangalia mashua zilizovutwa ufuoni, majina yamepakwa kwa brashi, herufi nene zilizoinama kidogo.

"Hii imeandikwa na fundi wetu?" akauliza.

Namba nimezibadilisha pia, sasa ni tarakimu tupu. Pesa ya mzee nililipa mimi, kwa awamu tatu.