Aliyezitupa baharini na aliyezibandika albamu

Agosti 2022, huko Marekani, kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani kilipigwa mnada kwa dola milioni 12.6. Ni kadi ya besiboli namba 311 katika seti ya mwaka 1952 ya kampuni ya Topps, yenye picha ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Kijana huyo wa Oklahoma, wakati huo ana miaka 20, ameweka gongo la manjano begani na macho ameyainua juu, nyuma yake rangi ya buluu tupu. Chini pana jina lake na sahihi yake. Aliyeiuza alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000.

Vyombo vya habari vilishangilia bei. Wachache walikumbusha kwamba shehena nzima ya kadi za toleo hilo ilizamishwa baharini, tena na mtu yuleyule aliyezibuni.

Kadi hizi zilianzia kwenye tumbaku. Miaka ya 1880 pakiti za sigara zilikuwa laini, hivyo watengenezaji wakatia karatasi ngumu ndani ili sigara zisivunjike, kisha wakachapa picha juu yake ili mvutaji arudi kununua pakiti nyingine. Kati ya 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco ilitoa seti ya kadi zaidi ya 500. Humo alikuwemo Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates, nywele amezichana njia katikati, nyuma yake rangi ya machungwa.

Wagner hakutaka. Wapo wasemao alidai malipo, kwa kuwa tumbaku yenyewe alikuwa akiitafuna. Wengine husema hakupenda watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake. Mwandishi wa michezo John Gruber, aliyeahidiwa dola 10 endapo angempatia kampuni kibali, alipokea barua ya Wagner ya kukataa, na ndani yake hundi ya dola 10 ili asikose ujira wake. Gruber hakuipeleka benki, aliitia fremu. Naungana na wanaosema Wagner aliwawazia watoto, maana anayepigania malipo hatoi fedha zake mfukoni kumfidia mwingine. Uchapaji ulisimamishwa, na leo zinajulikana kadi zake zipatazo 60 tu.

Miaka ya 1930 kadi zikahama kutoka kwenye sigara kwenda kwenye chingamu, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni za Bowman na Topps zikaanza kugombea senti za watoto.

Hapo ndipo anapoingia Sy Berger, mfanyakazi wa Topps huko Brooklyn. Msimu wa baridi ukikaribia mwaka 1951, aliketi na mwenzake Woody Gelman kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake, wakakata karatasi kwa mkasi na kubandika vipande mpaka sura ya kadi mpya ikapatikana. Waliifanya kubwa kuliko za wapinzani wao, wakaipa rangi, nembo ya timu na sahihi ya mchezaji. Nyuma waliweka takwimu zake, ili mtoto asiyewahi kukanyaga uwanjani aweze kubishana na wenzake kuhusu nani mkali. Kadi nyingi zilizofuata zimeiga mpango huo.

Seti ilikuwa na kadi 407, nazo zilitoka kwa mafungu. Fungu la mwisho, linaloanza na Mantle mwenyewe, lilichelewa. Lilipofika madukani msimu wa besiboli ulikuwa unaishia na watoto wameshageukia mpira wa Kimarekani. Maduka hayakulitaka. Makasha yakalala ghalani miaka minane.

Kwa simulizi ya Berger mwenyewe, alizunguka akizitembeza kwenye maonyesho ya michezo na burudani, akafika mahali pa kuziuza kumi kwa senti moja, na hata hapo wanunuzi wakachoka. Mwaka 1960 ghala lilihitajika. Makasha kati ya 300 na 500 yakapakiwa kwenye tishari la takataka, likakokotwa hadi nje ya pwani ya New Jersey, na Berger akiwemo safarini akishuhudia kadi zake zikimwagwa Atlantiki. Mfanyabiashara alikuwa anasafisha ghala, na hakuna aliyemlaumu.

Wakati huohuo, mjini New York, mtu mwingine alikuwa akifanya kinyume chake. Jefferson Burdick alizaliwa mwaka 1900 na alikuwa mfanyakazi wa kiwandani Syracuse. Baridi yabisi ilikuwa imemkunja viungo, na hakuwa na utajiri. Alikusanya kadi za kila aina, akaziandikia katalogi na kuzipangia alama. Ile T206 ambayo madalali hutamka leo kwa heshima, wakimaanisha seti ya Wagner, ni alama yake. Kuanzia mwaka 1947 alianza kukabidhi mkusanyo wake kwa jumba la makumbusho la Metropolitan: vipande zaidi ya 300,000, zikiwemo kadi za besiboli zaidi ya 30,000. Alizibandika mwenyewe kwenye albamu, kwa vidole vilivyokuwa vikigoma, mwaka baada ya mwaka. Januari 10, 1963 akamaliza. Kesho yake aliingia hospitali, na mwezi Machi akafariki.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kadi zilichapwa kwa wingi kupita kiasi, na za wakati huo nyingi hazina bei. Kisha fedha zikaleta kisu: mwaka 2013 dalali maarufu Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo kadi ya Wagner ili ionekane mpya, kadi iliyopitia mikononi mwa nyota wa hoki Wayne Gretzky. Mastro alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Akiba haiozi, lakini mtunza akiba husahauliwa. Kila mnada unapovunja rekodi tunatajiwa muuzaji, mnunuzi na kiasi, na Burdick hatajwi, ingawa bila katalogi yake wengi wao wasingejua walichoshika. Soko la leo litasema gundi yake iliziharibu kadi. Mimi nasema gundi hiyo ndiyo kinga yake bora: Wagner wa Burdick yumo Metropolitan, ametunzwa kwa ajili ya umma, na hakuna dalali wa kumpunguza kingo. Anayeandika historia ya kadi hizi aanze na huyo, bei zije baadaye.