Kiti cha mtoto mchanga katika gari-nyumba

Gari-nyumba lina vitanda, jiko na meza, na mtoto anaposinzia njiani wazazi hushawishika kumlaza kitandani au kumpakata. Gari likifunga breki ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia.

Nchini Uingereza, sheria inataka mtoto asafiri katika kiti maalumu hadi atimize miaka 12 au afikie urefu wa sentimita 135, kutegemea kitakachotangulia. Ni marufuku kufunga kiti hicho juu ya kiti cha gari kinachotazama ubavuni, kama vilivyo baadhi ya viti vya mezani.

Mahali panapofaa ni kiti kinachotazama mbele, chenye mkanda wa kiunoni na begani au vishikizo vya Isofix. Mtoto mchanga huelekezwa nyuma ili shingo yake isiumie gari likigonga. Akiketishwa hivyo kando ya dereva, mfuko wa hewa wa mbele lazima uzimwe kwanza.

Vyombo vya jikoni navyo vifungiwe kabatini. Anayekodi gari-nyumba aulize mapema viti vipi vina mikanda, na akijaribishe kiti cha mtoto kabla ya kulipa.