Kutoka Farasi Moja na Nusu hadi Kibao cha Boti: Historia ya Kuipimia Boti ya Familia Mashine Yake

Katika historia ya boti ndogo za matembezi nchini Marekani, swali la ukubwa wa mashine inayoifaa familia lilichelewa kuzuka, kwa kuwa mwanzoni hapakuwa na cha kuchagua. Cameron Waterman, mwanasheria wa Detroit aliyeijaribu mashine yake mtoni mwaka 1905, na Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyeanza kuuza ya kwake mjini Milwaukee mwaka 1909, walitengeneza kile kinachoitwa injini ya nje, yaani mashine inayobanwa kwa skrubu kwenye ubao wa tezi, ambayo mwenye boti anaweza kuifungua na kurudi nayo nyumbani. Mashine ya Evinrude ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu, ikawa na uzito wa paundi 62, karibu kilo 28, na kazi iliyokusudiwa ilikuwa moja tu, nayo ni kumwondolea mtu taabu ya kupiga makasia.

Nguvu ya farasi ni kipimo kilichowekwa na James Watt katika karne ya 18, na maana yake ni kuinua mzigo wa paundi 33,000 kwa futi moja ndani ya dakika moja. Kwamba farasi moja na nusu zilitosha si ajabu, kwani William Froude, mhandisi Mwingereza aliyejenga birika refu la majaribio huko Torquay katika miaka ya 1870 na kuburuta humo mifano ya meli, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi chombo kinavyozuiwa na wimbi kinalolizusha chenyewe. Kadiri chombo kinachopasua maji kinavyoongeza mwendo, ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, hata likalingana na urefu wa chombo, na kuanzia hapo nguvu inayoongezwa huididimiza tezi na kuinua omo huku mwendo ukiongezeka kidogo mno. Mabaharia waliifupisha elimu hiyo kwa hesabu nyepesi: kipeuo cha pili cha urefu wa chombo kwenye usawa wa maji, kwa futi, kikizidishwa kwa 1.34, hutoa kikomo cha mwendo kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Boti ya futi 16, ambayo kipeuo chake ni 4, hufikia kikomo kwenye noti 5.4 hivi, na mwendo huo mashine ndogo huukaribia bila shida.

Kilichobadilisha hesabu ni bodi la boti. Bodi lililo pana na bapa upande wa tezi, likisukumwa kwa nguvu ya kutosha, hulipanda wimbi lake na kuanza kuteleza juu ya maji, na hapo kikomo cha Froude hakilishiki tena. Mwaka 1921 Evinrude, aliyekuwa ameiuza kampuni yake mwaka 1914 kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe Bess, alirudi sokoni na mashine ya alumini ya farasi 3 isiyofika paundi 50; wakati huohuo ndugu wa ukoo wa Johnson, huko South Bend, Indiana, waliingia sokoni na mashine nyepesi zaidi, na katikati ya miaka ya 1920 wakatoa ya farasi 6 iliyoweza kuirusha boti ndogo juu ya maji. Tangu hapo mnunuzi alikuwa na uamuzi wa kweli wa kufanya, kati ya boti ya kwenda polepole na boti ya kuteleza, ingawa wengi hawakujua kwamba katikati ya hali hizo mbili hapana mahali pazuri. Boti ya kuteleza iliyopewa mashine hafifu huenda omo ikiwa juu, nahodha haoni mbele, na petroli huteketea bure.

Mashindano ya nguvu yalipamba moto baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na sababu zake zilikuwa nchi kavu zaidi kuliko majini. Mabwawa yaliyojengwa tangu miaka ya 1930, yakiwamo ya mamlaka ya bonde la mto Tennessee, yaliyaleta maziwa karibu na watu walioishi mbali na bahari. Familia zilikuwa na gari la kuvuta tela. Bodi za alumini na za faiba hazikuhitaji kuzibwa nyufa kila mwaka. Juu ya hayo kulikuwa na mchezo wa kuteleza majini kwa mbao, ulioanzishwa na Ralph Samuelson kwenye ziwa Pepin, Minnesota, mwaka 1922. Mchezo huo, kuliko jambo jingine lolote, ndio uliopandisha idadi ya farasi, kwa kuwa mzigo mzito kwa mashine si kumvuta mtu aliyekwisha kusimama bali kumtoa ndani ya maji huku boti yenyewe, iliyojaa baba, mama na watoto, ikijitahidi kupanda wimbi lake. Mashine za farasi 25 zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1950 ziliweza kazi hiyo. Mwaka 1957 kampuni ya Mercury ya Carl Kiekhaefer ikafikia 60, na mwaka 1962 ikafikia 100. Ndani ya miaka kama 12, kutoka 25 hadi 100, nguvu ilikuwa imezidishwa mara nne, ilhali boti za familia hazikurefuka kwa kiwango hicho hata kidogo.

Sheria ilifuata nyuma kwa mwendo wa pole. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 ilidai tu kwamba boti yenye mashine inayozidi farasi 10 iandikishwe na ipewe namba. Baadhi ya viwanda vilibandika kwa hiari vibao vya kuonyesha uwezo wa boti, lakini ilikuwa ni sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971 iliyowapa Walinzi wa Pwani mamlaka ya kuwawekea watengenezaji masharti, na boti za futi chini ya 20 zilizotengenezwa baada ya Oktoba 1972 zikalazimika kuwa na kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito na farasi zisizopaswa kuzidishwa.

Kanuni ya farasi hizo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndani yake mna fikra nzuri kuhusu namna boti inavyoua watu. Urefu wa boti kwa futi huzidishwa kwa upana wa tezi. Jibu lisilozidi 35 huruhusu farasi 3 tu, na vidato hupanda hadi farasi 15 kwa jibu la 52. Zaidi ya hapo, boti ya futi 16 yenye tezi ya futi 6 hupata 96. Ikiwa ina usukani ulio mbali na mashine, pamoja na ubao wa tezi wenye kimo kisichopungua inchi 20, jibu huzidishwa mara mbili na kupunguzwa 90, likawa 102, ambalo hupandishwa hadi 105. Boti hiyohiyo ikiendeshwa kwa mkono wa mashine, jibu huzidishwa kwa 0.8 na kupunguzwa 25, nayo huishia farasi 55. Ikiwa ya sakafu bapa yenye kona kali, huambulia 35. Msomaji wa Lamu au Unguja, aliyezoea mashine za farasi 15 na 40 zinazoshikwa kwa mkono, ataelewa mara moja kwa nini: mwendeshaji wa aina hiyo hukaa tezi, uzito wake ukaungana na wa mashine, na mkono ukimteleza boti hukata kona ghafla na kumtupa nje.

Farasi 105 katika mfano huo ni ukingo ambao boti haipaswi kuuvuka, wala haikukusudiwa kuwa ushauri wa nini kinunuliwe, lakini wauzaji na wanunuzi wamekuwa wakiisoma namba hiyo kama pendekezo. Kosa hilo lilizidi kuwa na uzito, kwa maana halisi, baada ya kanuni za hewa chafu zilizotangazwa mwaka 1996 na kutekelezwa kati ya 1998 na 2006, ambazo ziliziondoa sokoni mashine nyingi za kale za mipigo miwili na kuzipa nafasi zile za mipigo minne, ambazo kwa idadi ileile ya farasi kwa kawaida zilikuwa nzito zaidi. Boti ya miaka ya 1970, iliyoundwa kubeba mashine nyepesi, inaweza kupewa mashine mpya inayolingana kabisa na kibao chake huku tezi ikikaa chini kuliko alivyopanga mwundaji, na kwa kuwa kibao hicho pia hutaja uzito wa jumla wa watu, mashine na mizigo, kila kilo iliyoongezeka kwenye mashine imeondolewa kwenye kiasi kilichoachiwa abiria.