Kadi ya Zamani na Kadi Mpya

Uchangiaji ulipoanza hospitalini mwaka 1993, sisi wakulima tuliuliza: ugonjwa husubiri mavuno? Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996, ulijibu vema: lipa mahindi yakiuzwa, utibiwe mwaka mzima. Lakini kadi ile haikuvuka wilaya. Mwaka 2018 ulienea mfuko ulioboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Awali halmashauri nyingi zilitoza pungufu. Hapa Kibaigwa, penye wabeba magunia kutoka kila upande, kadi inayovuka wilaya niliiona neema. Ila mlango ulipopanuliwa, kizingiti nacho kiliinuliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeahidi kuwagharamia wasio na uwezo. Naipima kwa hao.